Shangazi, barua yangu haina tarehe

Mayfair, London
Jumanne, 15 Mei 1894 (siku hizi naandika tarehe kamili, utaona kwa nini)

Shangazi,

Kunakucha na sijafumba jicho, ndiyo maana nauandikia ukurasa wako wa ushauri gazetini. Mume wangu amerudi usiku wa manane, anakoroma chumba cha pili, nami namuwaza yule mama. Wa aina yake unawajua, wamejaa tele msimu huu wa karamu za London. Anajiita mjane. Marehemu wake yu hai New York, ameshaoa tena, na mahakama ya huko iliamua kwamba mwenye kosa ni mke.

Juzi alikuja saa za wageni, akanywa chai yangu, akafungua mkoba na kunionyesha barua. Mwandiko ni wangu. Na hataki hata pesa! Pesa ningempa. Alichoniachia bibi yangu ni changu mwenyewe tangu sheria ile ya 1882 ya mali za wanawake walioolewa, nisingemwomba mtu. Anachotaka ni mimi nimpeleke Kasri la Buckingham nimjulishe kwa Malkia, avae manyoya yake matatu meupe kichwani na kuburuta gauni lenye mkia. Unajua mambo yalivyo: anayempeleka mwenzake ndiye mdhamini wa sifa zake. Na wanawake walioachwa kwa makosa yao hawapokelewi kule. Wakigundua, nitaiweka wapi sura yangu?

Barua yenyewe haina ubaya. Niliiandika kabla ya ndoa, kwa kijana aliyekuwa amenichumbia. Uchumba ulipovunjika tulirudishiana barua kama watu wenye adabu, kumbe yeye akabakiza moja. Kosa langu liko wapi? Msichana aliyechumbiwa aandike habari za mvua tu? Tatizo ni kwamba juu niliandika "Jumatano" basi, kama tufanyavyo sote, na bahasha yenye muhuri wa posta haipo. Kwa hiyo inaweza kuwa Jumatano ya miaka ile, au Jumatano iliyopita. Na kijana mwenyewe sasa ni rafiki wa mume wangu, anakula mezani kwetu.

Utaniambia nimweleze mume. Ningemweleza, isingekuwa ile karamu. Alisimama na glasi mkononi akasema mke mwenye mambo ya zamani apitishwe mlango wa wauza makaa. Meza nzima ikaangua kicheko. Nami nilicheka, Shangazi. Nilicheka kwa sauti.

Sheria iko upande wake. Yeye akithibitisha uzinzi peke yake, talaka anayo, na watoto anabaki nao. Mimi ningetakiwa kuthibitisha uzinzi pamoja na ukatili, au uzinzi pamoja na kutelekezwa. Sisemi kwamba nataka kumwacha. Ni mume mwema, hajawahi kuninyanyulia mkono. Hata ile risiti ya sonara niliyoikuta kwenye koti lake sikuiulizia (sikuwa napekua, nilikuwa natafuta leso). Ni ya herini za yakuti. Mimi sijatoga masikio. Je, mke anaweza kuuliza jambo kama hilo wakati mwenyewe ana barua nje? Tena mtu wa herini ndiye huyo huyo wa mlango wa makaa. Na watu walicheka!

Wakati mwingine nasema nimpeleke tu yule mama, yaishe. Malkia mwenyewe siku hizi hukaa kidogo, kisha humwachia mkwewe kazi ya kupokea wageni. Lakini akishapata hilo, kesho atataka nini? Halafu nawaza nimkabidhi mume wangu barua aisome yote, hadi ule mwisho. Si kwa kuungama, sina la kuungama. Ila yeye sijawahi kumwandikia hivyo, wala hajawahi kuuliza kwa nini.

Mimi nataka barua irudi niichome, basi. Au nisiichome? Hapo ndipo sijui, na ndipo naomba unishauri.

Tafadhali usiichapishe hii. Toa jibu peke yake, kama ilivyo desturi ya gazeti lenu, mimi nitaelewa. Na liwe jibu la mafumbo, maana mume wangu naye anaupenda ukurasa wako. Hunisomea kwa sauti wakati wa kifungua kinywa, na kila anayekuandikia humcheka.

Ni mimi,
Mwanamke wa Mayfair