Barua kwa mwanangu: mdudu anayeogelea chali

Mwanangu Zuhura,

Umeniuliza namna ya kumfuga kwenye beseni mdudu uliyemwona bwawani huko Uingereza. Jina lake la kisayansi ni Notonecta glauca, alilopewa na Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Uswidi, mwaka 1758. Hakikisha kwanza kuwa ndiye. Ana urefu wa milimita 13 hadi 16, na huogelea chali, miguu mirefu ya nyuma ikipiga maji kama makasia. Wapo wanaofanana naye lakini huogelea kifudifudi, na hao hawaumi. Wako anauma, na maumivu yake ni kama ya nyuki. Wajerumani humwita hivyohivyo, nyuki wa maji. Mchote kwa chujio la chai, usimfumbate.

Hana matamvua ya kupumulia majini kama samaki, mwanangu. Huvuta hewa juu kisha huibeba katikati ya vinyweleo vya tumboni, ndiyo maana akipiga mbizi tumbo hung'aa kama fedha. Mtazame akitulia: kichwa kimeinama, ncha ya tumbo imegusa uso wa maji, na miguu ya mbele inasikiliza mtikisiko wa nzi aliyeangukia majini. Mimi naona hapo ndipo anapopendeza kuliko popote.

Hewa hiyohiyo ndiyo itakayokusumbua. Sabuni kidogo ikibaki kwenye beseni, uso wa maji hulegea, vinyweleo vinalowa, naye hufa maji. Suuza beseni kwa maji matupu mara tatu, na usitie mkono uliopakwa losheni. Weka lita 5 za maji ya mvua, na kutoka uso wa maji hadi ukingo wa beseni pabaki sentimita 8 hivi. Funika kwa wavu, maana anaruka vizuri sana usiku. Tia na jani refu la majini ashikilie: ni mwepesi kuliko maji, akiacha kupiga kasia huelea juu. Taa iwe juu ya beseni. Mwanga ukitokea chini atageuka na kuogelea kifudifudi.

Mpe viluwiluwi vya mbu, au nzi aliye hai. Huwafyonza, kwa hiyo maganda yatakayobaki yaopoe kabla maji hayajanuka. Usimweke na samaki wachanga, wala na mwenzake mdogo, atawala.

Majira ya kuchipua jike hutoboa mabua na kuingiza mayai humo. Ukiona bua lina vivimbe virefu, lihamishie beseni lingine siku hiyohiyo, kabla watoto hawajatoka mbele ya mama yao.

Mama yako