Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Shughuli za 2023 na Suala la Kasino

Wazee wetu, kina mama, ndugu wanachama na vijana: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, habari za jioni.

Nawashukuru mliofika kwenye mkutano wa chama chetu hapa Edmonton, Kanada. Kabla sijasimama nimehesabu: tuko watu 31, na akidi kwa mujibu wa katiba yetu ni 25, kwa hiyo mkutano huu ni halali. Naomba katibu aliandike hilo, maana nitalirudia mbele.

Shughuli za mwaka mnazijua, sitawachosha. Februari 20, Siku ya Familia, watoto waliteleza kwenye barafu nyuma ya ukumbi huu na kina mama wakawapikia uji na mandazi. Usafi wa bonde la mto tuliouweka mwezi Mei uliahirishwa kwa sababu ya moshi wa moto wa misitu, na haukufanyika tena. Julai 8 tuliadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo tarehe yake ni 7 lakini ilikuwa Ijumaa, watu wako kazini. Agosti tulikwenda kwa makundi kwenye Heritage Festival, tamasha la tamaduni, lililohamishiwa Borden Park. Darasa la Kiswahili la watoto lilisomeshwa Jumamosi 24, na walimu wetu wawili hawakuchukua hata senti moja. Wapigieni makofi.

Kuhusu pikiniki, nimesikia manung'uniko. Mnajua Hawrelak Park ilifungwa Machi 2023 kwa matengenezo ya miaka mitatu, na sisi tulizoea pale, karibu na ziwa. Kamati ikachagua Rundle Park. Wenzetu wa mtaa wa Mill Woods wasio na magari walihangaika na mabasi pamoja na watoto na masufuria, na kwa hilo nawapa pole kwa moyo wote. Kuna aliyeniambia ningengoja treni mpya ya Mill Woods. Ndugu zangu, treni ile imeanza Novemba 4, pikiniki ilikuwa Julai, na hata sasa haifiki Rundle Park. Inawashusha katikati ya mji. Nilichagua pale kwa sababu pana banda la kujikinga mvua, maegesho ya kutosha na nafasi ya watoto kucheza mpira. Mvua ikanyesha saa nane, watu wote wakakaa chini ya banda na nyama ikaendelea kuchomwa. Basi.

Hesabu kamili atazisoma mweka hazina, nazo zimekaguliwa na wanachama wawili kabla ya kupelekwa serikalini pamoja na ripoti yetu ya mwaka. Kwa ufupi: familia 112 zimeandikishwa, ada ni dola 60 kwa mwaka. Zilizolipa yote ni 47, zilizolipa nusu 19, ambazo hazijalipa kitu ni 46. Ada iliyoingia ni dola 3,390 badala ya 6,720. Michango ya pikiniki 1,215, mauzo ya chakula Siku ya Kiswahili 980, jumla ya mapato 5,585. Matumizi: ukumbi 2,160, bima 875, pikiniki 1,430, Siku ya Kiswahili 1,190, mengineyo 265, jumla 5,920. Tumekula akiba dola 335, na benki zimebaki 3,767. Nikisema familia 46 hazijalipa simsemi mtu ambaye kazi imekatika au anayelea wagonjwa. Hao wakinong'ona kwangu tu tunaelewana. Namsema anayepiga simu Jumamosi asubuhi kuuliza darasa la watoto linaanza saa ngapi, na ada yake haijaonekana tangu 2021.

Sasa nije kwenye kasino, jambo lililotugawa mwaka mzima: tulipewa tarehe ya kuendesha kasino, nasi tukairudisha.

Kwa wageni wetu: hapa jimbo la Alberta, chama cha hiari kilichosajiliwa kinaweza kuomba leseni ya kusaidia kuendesha kasino kwa siku mbili. Sisi hatuchezi. Wanachama wanajitolea kwenye zamu za keshia, za benki, za kuhesabu fedha usiku, bila malipo, kisha mapato ya vyama vyote vya eneo yanawekwa pamoja na kugawanywa. Kinachopatikana ni makumi ya maelfu ya dola, nazo zinakaa kwenye akaunti ya peke yake na kutumika kwa mambo yaliyoidhinishwa tu. Jumuiya za mitaa za jiji hili, zenye historia ya zaidi ya miaka 100, nyingi zimetengeneza kumbi zao na viwanja vyao vya barafu kwa fedha za namna hiyo. Zamu yetu hapa Edmonton huja baada ya karibu miaka miwili. Kwa hiyo mtu akisema mwenyekiti amerudisha bahati ya chama, naelewa machungu yake.

Tarehe tuliyopewa ilikuwa Machi 29 na 30, 2023. Ramadhani ilianza Machi 23. Hilo peke yake lilitosha kunikosesha usingizi, maana hata ndugu zetu Waislamu waliokuwa tayari kufumba macho kuhusu kamari wasingeweza kukaa kasino usiku ambao wengine wako tarawehe. Na si Waislamu peke yao. Familia kadhaa za makanisa ya kilokole zilinieleza wazi kwamba fedha ya kamari hawaitaki kwenye darasa la watoto wao. Upande wa pili wako wanachama, wengi wao vijana, wanaosema kasino itaendeshwa tu, tukiwepo tusiwepo, afadhali fedha ije kwa watoto wetu kuliko ipotee. Hoja zote mbili nimezisikiliza sebuleni kwa watu, chai mkononi, mpaka saa tano usiku.

Mimi mwenyewe si mgeni wa kazi ile. Kasino yetu ya mwisho, kabla ya korona, nilikuwa chumba cha kuhesabia. Ni chumba kidogo kisicho na dirisha. Kila ukitaka kushika uso au kusogea mezani unanyoosha mikono, unageuza viganja juu na chini, kamera ione huna kitu. Noti zinamwagwa kutoka kwenye masanduku, nyingine zimekunjwa ndogo kama vipande vya karanga, unazinyoosha moja moja. Saa tisa usiku nikashika noti ya dola ishirini iliyokunjwa mara nne, na ndani yake mna risiti ya maziwa na nepi. Niliitoa risiti nikaiweka pembeni kama tulivyoelekezwa, nikaendelea kuhesabu. Sikumwambia mtu usiku ule. Nawaambia leo ili mjue kwamba niliposema nasitasita, sikuwa natafuta kumfurahisha sheikh wala mchungaji.

Hata hivyo, sikurudisha tarehe ile kwa sababu ya risiti. Niliirudisha kwa sababu ya majina. Zamu za siku mbili zilihitaji watu zaidi ya ishirini. Nilipiga simu 74 kwa mkono wangu, daftari ninalo hapa, anayetaka aje alitazame. Waliokubali walikuwa 11. Kulipa watu wa nje washike zamu zetu hairuhusiwi, lazima wawe wa kujitolea.

Nikaitisha mkutano wa dharura Jumamosi Januari 28, 2023, katika ukumbi huu huu, saa kumi jioni, taarifa ikiwa imetumwa wiki tatu kabla kwenye kundi la simu na kwa barua pepe. Tulikuja watu 9. Tisa! Tukangoja mpaka saa kumi na moja na nusu. Mama aliyeleta birika mbili za chai alirudi nazo zimejaa. Kwa akidi ya 25 hatukuweza kupiga kura ya jambo lolote, na siku za kupeleka majina zilikuwa zinakwisha.

Ndipo kamati tendaji, watu watano, tukakutana Februari 2. Watatu walipiga kura kurudisha tarehe, wawili walikataa, na mimi ni mmoja wa wale watatu. Kumeandikwa kwenye kundi kwamba niliamua peke yangu gizani. Muhtasari upo, sahihi tano zipo, na wawili waliokataa wamekaa mstari wa mbele hapa, waulizeni. Wanachama waliosema “hatukuulizwa” tuliwauliza Januari 28, na hawakuja. Nasema hivi kwa uchungu, maana natamani uamuzi mzito kama ule ungefanywa na watu sabini wakibishana kuliko watu watano wenye wasiwasi.

Kama ningeshikilia tarehe na tukafika watu 11, chama kingeonekana kimeshindwa kutimiza ahadi mbele ya tume ya serikali inayosimamia kamari, na leseni ya baadaye ingetiwa shaka. Hilo sikuwa tayari kulibeba.

Tumeshaomba upya, tunasubiri. Tukipewa tarehe, suala litaletwa hapa kwanza: je, chama kiendelee na kasino au kiache kabisa. Wanachama wakiamua kuacha, lazima ada ilipwe, hakuna njia ya tatu ninayoiona. Kwa mwaka ujao tunatumaini pia kufanya ule usafi wa bonde la mto, kupata mwalimu wa tatu wa darasa, na Mungu akipenda kurudi Hawrelak Park itakapofunguliwa.

Karatasi mbili ziko mezani karibu na mlango. Ya kwanza ni ya ada, mweka hazina anapokea leo fedha taslimu au kwa simu. Ya pili ni ya majina ya walio tayari kukaa zamu na ya wasio tayari, pande zote mbili, ili safari hii nijue mapema. Naomba kila mtu apite hapo kabla ya kwenda kwenye pilau.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti