Fomu za mkopo: soma haya kabla hujalipa

Wazazi na vijana wa Makorora, assalaam aleikum. Kabla ya kulipa ile ada ya shilingi 30,000 ya maombi ya Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, pelekeni kwanza cheti cha kuzaliwa kikahakikiwe RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Wengi hukwama hapo, siku za mwisho mtandao nao unazidiwa. Namba ya mtihani wa kidato cha nne iwe ileile uliyoombea chuo. Aliyerudia mtihani ana namba mbili, asizichanganye.

Ukishachapa fomu, kurasa za sahihi zipite kwa mdhamini, serikali ya mtaa na wakili au hakimu. Muhuri ukififia, rudi ugongewe upya, ndipo uskani na kupakia. Kaya iliyo kwenye TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, jazeni namba yenu. Stesheni, yaani duka la kuchapa fomu, watakuchapia tu. Kukagua ni juu yako.