Moyo hupumzika saa ngapi?

Mwanangu mpenzi,

Juzi usiku ulinilalia kifuani, ukasikiliza, kisha ukauliza: "Mama, moyo hupumzika saa ngapi?" Nikakujibu harakaharaka kwamba haupumziki kamwe, ukipumzika mtu anakufa. Ukanyamaza, nikaona umeogopa. Jibu langu halikuwa sahihi, na tangu siku hiyo sina raha. Nakuandikia nilisahihishe.

Kunja ngumi. Moyo wako unakaribia ukubwa huo. Ndani una vyumba vinne: viwili vya juu hupokea damu, viwili vya chini huisukuma. Upande wa kulia huipeleka damu kwenye mapafu ikachukue oksijeni. Upande wa kushoto huipokea ikitoka huko na kuisukuma mwili mzima, kuanzia utosini hadi vidole vya miguu. Safari hiyo inataka nguvu, ndiyo maana ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene kuliko mwingine wowote.

Pigo huanzia juu kabisa, upande wa kulia, kwenye kundi dogo la seli zinazozalisha umeme zenyewe. Ubongo unaweza kuharakisha mwendo wao au kuupunguza, lakini hauhitajiki kuuanzisha. Umeme ukisambaa, vyumba vya juu hujikaza na kumalizia kuvijaza vya chini. Hapo linatokea jambo ninalolipenda kuliko yote: katikati ya moyo umeme unacheleweshwa, kama sehemu ya kumi ya sekunde tu. Usingechelewa, vyumba vya chini vingejikaza kabla havijajaa.

Vikishajaa, navyo hujikaza, vikijisokota kidogo kama nguo inayokamuliwa. Damu ingependa kurudi juu, lakini vali, yaani milango iliyo kati ya vyumba vya juu na vya chini, zinajifunga: hiyo ndiyo sauti ya kwanza uliyoisikia. Kila upande unatoa mililita 70 hivi, kisha vali za kwenye mishipa inayotoka moyoni nazo zinajifunga, damu isirudi ndani. Hiyo ni sauti ya pili. Kwa hiyo ulichokuwa ukikisikia kifuani pangu ni milango ikifungwa.

Zidisha mililita 70 kwa mapigo 75 ya dakika moja, utapata zaidi ya lita 5, karibu damu yote ya mtu mzima. Hesabu ya namna hii ndiyo iliyomsaidia daktari Mwingereza, William Harvey, kuonyesha mwaka 1628 kwamba damu huzunguka. Mwili usingeweza kutengeneza damu mpya nyingi kiasi hicho, lazima ni ileile inayorudi.

Sasa swali lako. Moyo ukipiga mara 75 kwa dakika, pigo moja huchukua sekunde 0.8. Vyumba vya chini hujikaza kwa sekunde 0.3 hivi. Sekunde 0.5 zinazobaki vimelegea, vinajazwa. Moyo nao una mishipa yake ya kuulisha, na misuli ya upande wa kushoto hupata sehemu kubwa ya damu yake wakati huohuo, kwa sababu inapojikaza huibana mishipa iliyomo ndani yake. Ukijumlisha vipande hivyo vidogo kwa mwendo huo, vyumba vya chini hulegea karibu saa 15 katika saa 24. Mtu akikimbia, muda unaopunguzwa zaidi ni huo wa kulegea, lakini hauishi.

Wako unadunda haraka kuliko wangu kwa kuwa u mdogo, nao pia hulegea kila baada ya pigo.

Leo usiku njoo ulale palepale. Utasikia sauti nzito, kisha fupi, halafu kimya. Hapo kwenye kimya ndipo moyo unapopumzika. Nitatulia, uhesabu mara ngapi.

Mama yako