Mtoto mgonjwa si mfungwa wa kitanda

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu. Mimi ni bibi wa wajukuu watano, na wiki iliyopita tulikosana na binti yangu kwa sababu ya kitanda.

Mjukuu wangu wa miaka minne alishikwa na mafua na homa. Siku ya kwanza alijilaza mwenyewe, macho mazito, hataki hata kubebwa. Siku ya pili homa ikashuka, akateremka, akapanga viatu vya nyumba nzima mstari mmoja, eti garimoshi. Mama yake akamrudisha kitandani. Akateremka. Akarudishwa. Mara ya tatu alilia mpaka akakohoa na kutapika, ndipo niliposema basi!

Mafua ya kawaida hayaponi upesi eti kwa kuwa mtoto kalazwa kwa nguvu. Akitaka kulala, alale. Akitaka kucheza sakafuni, acheze, mradi asikimbizane na wenzake. Yule wangu alicheza kama robo saa, kisha usingizi ukamchukua palepale, kiatu cha babu yake kikiwa chini ya shavu. Nani alimwamuru? Nami nakiri, wanangu niliwalaza kwa vitisho, huyu binti akiwa mmojawapo.

Anayenitia hofu si anayeteremka kitandani. Ni yule ambaye homa imeshuka lakini bado amelegea, haamki vizuri, hanywi, anatapika kila kitu, au kifua kinaingia ndani akivuta pumzi. Huyo asiambiwe apumzike, apelekwe hospitali saa ileile. Kadhalika kichanga wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la nyuzi 38 na zaidi, hata akionekana mchangamfu. Muuguzi mmoja alinifundisha kuhesabu pumzi dakika nzima mtoto akiwa ametulia: wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, anapumua haraka mno, aonwe na daktari.

Na shule? Kwanza zipite saa 24 bila homa, tena bila dawa ya kuishusha. Wapo wanaomnywesha mtoto dawa alfajiri ili apite getini. Saa nne simu ya mwalimu inalia.

Binti yangu bado kaninunia. Viatu navyo viko vilevile sebuleni, maana mwenye garimoshi hataki livunjwe, na babu anatoka na kandambili.

Bibi wa wajukuu watano