Vitabu vya watoto wa mafuriko si mabaki ya kabati

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Masika hayako mbali, na sisi tunaokaa Mbagala tuna ndugu wengi Rufiji na Kibiti. Aprili 2024 mto ulipofurika huko, kina mama wa mtaa wetu tulikusanya vitabu vya watoto. Unga, nguo na magodoro vilishapata watu wa kuvishughulikia.

Mwezi huohuo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilieleza Bunge kuwa mvua na mafuriko vimeua watu 155 nchini. Ndiyo maana wapo waliotuuliza, tena kwa uchungu, kitabu cha hadithi kitamsaidia nini mtoto ambaye kwao kumezama. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili hadi nikastaafu. Mtoto aliyeanza tu kuunganisha silabi, akikaa miezi bila chochote cha kusoma, zinamtoka. Akirudi darasani anaanza upya, na huyo ndiye baadaye tunamwona yuko darasa la tano hajui kusoma. Isitoshe, anashinda kutwa akisikiliza wakubwa wakihesabu mashamba yaliyosombwa. Naye apate cha kwake cha kushika.

Watu wa Dar es Salaam si wachoyo, maboksi yalijaa. Lakini tulipoyafungua tulikuta kemia ya kidato cha nne, shajara za miaka iliyopita, madaftari ya mazoezi yaliyokwisha kujazwa majibu, na hadithi nyingi za Kiingereza zilizoachwa na watoto wanaosoma shule za kulipia. Shule nyingi za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili. Mtoto wa darasa la pili wa Muhoro, kule Rufiji, ukimpa kitabu asichoelewa hata mstari mmoja, umempa picha za kutazama tu.

Aliyenifurahisha ni fundi cherehani wa jirani. Alikuja mikono mitupu, akauliza watoto wenyewe ni wa darasa la ngapi, kisha akaenda mjini akarudi na vitabu vichache vipya vya Kiswahili, maandishi makubwa, picha kila ukurasa. Vile vichache vilizidi boksi zima la shajara. Makondakta wa mabasi ya Kibiti pale Rangi Tatu nao walitusafirishia mizigo bure, Mungu awalipe.

Kwa hiyo nawaomba wanaofikiria kukusanya mwaka huu, msikitini, kanisani au kazini: mpigieni kwanza mwalimu mkuu wa shule mnayoilenga. Muulizeni ana watoto wangapi wa madarasa ya chini, na kama ana chumba kikavu. Shule ikiwa bado imehifadhi familia au kuta zinatoka maji, subirini, maana karatasi ikilowa siku mbili tu inaota ukungu. Chagueni vitabu hukuhuku Dar, msimtwishe mwalimu aliyepoteza nyumba kazi ya kuchambua takataka zetu. Boksi liwe dogo, ndani mtandike nailoni, na nguo zifungwe peke yake.

Na walimu wenzangu mtakaovipokea, msivifungie ofisini kwa kuogopa vitachanika. Wapeni watoto waende navyo nyumbani. Vikichanika kwa kusomwa, tutachangishana tena.

Mwalimu mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam