Safari ya Chicago: wazazi someni hapa

Wazazi wenzangu, habari za jioni. Basi la kwenda mashindano ya taifa ya chemsha bongo ya shule ndogo litaondoka Ijumaa saa 11 alfajiri. Saa ya Kiswahili jamani, simu itaonyesha 5! Dereva hasubiri mtu.

Kuna mama aliuliza alama zinahesabiwaje. Wanacheza wanne. Jibu sahihi ni alama 10. Ukibonyeza kitufe cha kujibu mapema, vidokezo vya swali vikiwa bado vigumu, ukapatia, unapata 15. Ukimkatiza msomaji wa swali ukakosea, timu inapoteza 5. Mwanangu nimeshamwonya kuhusu papara yake. Aliyepatia huiletea timu maswali matatu ya nyongeza, alama 10 kila moja, na hapo kunong'onezana ruksa.

Fomu za ruhusa mwisho Jumatano. Bado mbili, wenyewe mnajijua.